Neva yenye mielini na isiyo nayo

Ukijikwaa kwenye jiwe pale soko la Mbuyuni, Moshi, utasikia maumivu mara mbili: kwanza mchomo mkali, kisha maumivu mazito yanayokuja taratibu. Zimekuletea habari neva za aina mbili: mchomo umeletwa na yenye mielini, yaani ala ya mafuta inayoizunguka neva, na maumivu mazito yameletwa na isiyo nayo.

Umeme wenyewe ni uleule. Ndani ya neva iliyotulia kuna takriban milivolti −70. Ishara ikifika, milango ya sodiamu kwenye utando wake hufunguka, sodiamu yenye chaji chanya huingia na volti hupanda kupita sifuri. Milango hiyo hujifunga, potasiamu hutoka, hali inarejea.

Neva isiyo na mielini hurudia kazi hiyo kila sehemu ya utando, kama daladala inayosimama kila kituo: mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Yenye mielini imevikwa ile ala ya mafuta. Milango ya sodiamu imesongamana kwenye mapengo ya ala, na ishara huruka pengo hadi pengo. Zile za mchomo ni nyembamba, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nene kabisa hufikia 120.

Kwangu hii yenye mielini ni ajabu kubwa, maana huokoa hata nishati: sodiamu iliyoingia, ambayo neva hutumia nishati kuisukuma nje tena, ni kidogo. Ila ala ikiharibika, ishara huchelewa au hukwama njiani.