Kahawa ya Nyumbani: Buni Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ramadhani ikikaribia, swali huwa moja tu: "Kahawa ninunue ipi safari hii?" Naulizwa mimi kwa sababu watu wanajua siwezi kupita duka lenye gunia la buni nisitie mkono. Basi nimeandika, nikiulizwa tena niwaelekeze hapa.

Kwanza niambie unaipika kwa chombo gani. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa zao. Kahawa ya dele, lile birika la wauza kahawa, inakaa juu ya makaa muda mrefu, inachemka, inatulia, inachemka tena, kisha mtu anamiminiwa kwenye kikombe kidogo, chungu, bila sukari, na kashata iko mkononi. Ukiitia humo buni laini yenye harufu ya maua, harufu yote inaondoka na mvuke, unabaki na maji machachu. Anayechuja kwa karatasi, au anayeiloweka dakika nne kwenye birika la kioo, ana haja zake nyingine kabisa.

Buni zetu ni za namna mbili. Arabika hutoka nyanda za juu: Kilimanjaro, Arusha, Mbinga, Mbozi. Robusta hutoka Kagera, kwa Wahaya, ambao tangu zamani wana desturi ya kumkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, uchungu wake ni mzito, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Muuzaji akikwambia "hii yote ya Kilimanjaro, bwana", chukua punje kiganjani uzitazame. Arabika ni ndefu kidogo na mstari wake wa katikati umepinda kama herufi S. Robusta ni ya duara na mstari wake umenyooka. Gunia lenye sura zote mbili si haramu, ila lisiuzwe kwa bei ya arabika tupu.

Haya, sasa nizipange.

Ya kwanza kwangu, na najua wapenzi wa arabika watanuna, ni buni mbichi za robusta za Bukoba, fungu tatu, na arabika mbichi fungu moja, ukaange mwenyewe. Robusta inaleta uzito na lile povu la rangi ya udongo. Arabika inaleta harufu. Buni mbichi zikiwekwa pakavu hukaa miezi, ilhali zilizokaangwa huanza kuchujuka ladha baada ya wiki chache. Unaponunua usichote za juu ya gunia. Zamisha mkono mpaka kiwiko, utoe za ndani, uzimwage kwenye sinia. Ukiona punje nyeusi nyingi, au zenye vitundu vya wadudu, au ukisikia harufu ya ukungu, shukuru uende zako. Ukungu hautoki kwa moto, wala iliki haiufichi.

Kukaanga kwataka subira kuliko ufundi. Kaango zito, moto wa wastani, mwiko usisimame. Buni zitageuka manjano na kunukia kama mkate, kisha zitaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Anayechuja aepue hapo au baada kidogo. Wa dele aendelee mpaka mlio wa pili, mwembamba, wa haraka haraka, na punje zianze kung'aa mafuta. Zimwage upesi kwenye ungo uzipepete zipoe, maana zikiachwa kaangoni zinaendelea kuungua zenyewe. Kilo moja mbichi itakupa kiasi cha gramu 850, na pungufu ukizipeleka mbali, kwa hiyo usidhani umepunjwa. Zilaze mpaka kesho ndipo utwange. Na angalia kwanza jirani kaanika nini. Mimi nimeshatia moshi shuka za watu.

Ya pili ni arabika iliyokaangwa, ikiwa nzima, kwenye mfuko. Kwa mtu wa chujio hii ndiyo ya kwanza, wala hatutagombana. Tafuta tarehe ya kukaangwa, si tarehe ya kuharibika. Tarehe ya kuharibika inaweza kuwa mwakani na kahawa imeshakufa tangu mwezi uliopita. Ukikuta zile punje za mviringo kama njegere, hizo ni za tunda lililozaa mbegu moja badala ya mbili. Ni nzuri na zinakaangika sawasawa, lakini sijaona sababu ya kuzilipia bei ya dhahabu.

Ya tatu, kahawa unayosagiwa dukani mbele ya macho yako. Ingekuwa juu zaidi, tatizo ni mashine. Muulize mwenye duka kabla ya yako amesaga nini. Kuna duka moja nilipokea kahawa iliyosagwa baada ya uzile, ile bizari nyembamba, nikanywa pilau wiki nzima. Mwambie apitishe kwanza kiganja cha buni akitupe.

Pakiti iliyosagwa tayari naiweka ya nne na sina mengi ya kuisema. Kwa unyevu wa hewa yetu, ikishafunguliwa ina siku zake chache. Nunua ndogo kabisa.

Ya tano, kopo la kahawa ya kuyeyuka. Msinicheke. Africafé inatengenezwa huko huko Bukoba, na kwa maziwa ya moto alfajiri inafanya kazi yake. Usiitie kwenye dele tu, utaaibika mbele ya wageni.

Ya mwisho kabisa ni vile vipakiti vya "kahawa ya viungo" vilivyofungwa kwa kitambaa cha kanga na kuwekwa mlangoni kwa ajili ya watalii. Viungo vikali ni blanketi zuri la kufunika kahawa kongwe. Iliki, tangawizi, mdalasini na karafuu vimejaa kisiwa hiki cha Unguja, nunua vyako kando, uvitie kahawa ikikaribia kuepuliwa. Karafuu iwe moja, mbili zinatawala.

Kabla hujanunua kilo, omba chembe za kila aina ujaribu nyumbani. Tia kijiko cha unga kwenye kikombe, mimina maji yaliyochemka yakapumzika kidogo, usikoroge. Baada ya dakika nne vunja lile gamba la juu kwa kijiko huku pua iko karibu. Hapo ndipo harufu inasema kweli. Ondoa mapovu, acha ipoe, halafu fyonza kwa kelele kama wazee wa Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe. Si utovu wa adabu, hewa inasambaza ladha mdomoni. Onja tena ikiwa baridi. Kahawa mbovu hujificha ndani ya joto, ikipoa inatoka na harufu ya gunia. Kwa nyumba ya watu wanne wanaokunywa baada ya tarawehe, robo kilo iliyokaangwa kwa wiki inatosha, kwenye chupa ya kifuniko kinachobana, mbali na jiko na mbali na dirisha la upande wa bahari.