Jiko la Makaa lenye Kikombe cha Udongo: Tathmini ya Mtumiaji

Jiko la makaa lenye kikombe cha udongo, linalopatikana Gikomba, Kongowea na katika masoko mengi ya Kenya, linastahili kupimwa kwa kazi zote ambazo jiko limefanya tangu zamani, si kwa akiba ya makaa peke yake. Mafiga matatu yalipika, yakawapa watu moto wa kuota, na moshi wake ukakausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa darini. Hata leo anayeoa husemwa kuwa amepata jiko, msemo ambao wake wengi hawaufurahii.

Jiko hili lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa ndoo za kupikia za Thailand, ambazo ndani yake zilijazwa udongo. Lilipewa kiuno chembamba na kitako kipana, na udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, hivyo likawa jepesi na halipinduki kirahisi mtu anaposonga ugali. Likilinganishwa na jiko la bati tupu, husemwa kuokoa makaa kuanzia robo hadi nusu, kwa kutegemea mpishi.

Katika upishi sina lawama kubwa. Udongo hushika joto hata makaa yakipungua, kwa hiyo maharagwe hutokota taratibu, na wali uliopaliwa makaa juu ya kifuniko hukauka bila kuungua chini. Chapati ndizo zenye taabu, kwa kuwa moto wake hauteremki upesi, na mpishi hana budi kuufunga mlango wa hewa mapema.

Kinachosikitisha ni ufundi duni wa baadhi ya majiko. Nililonunua lilipakwa rangi ya kupendeza, lakini saruji iliyoshikilia kikombe ilimeguka kabla bati halijaanza kutu. Kabla ya kulipa, kigonge kikombe usikie kama kinalia kama chungu kizima, na nyumbani usizimie makaa humo kwa maji, kwani udongo wenye moto hupasuka.

Kwa kuota moto ndani ya nyumba silipendekezi kabisa. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu waliolala wakiwa wamefunga milango na madirisha. Anayetaka kuota na aote barazani.