Kitabu cha MATLAB kilichonifaa, baada ya kile kilichonipotezea muhula

Muhula uliopita nilitoa shilingi 25,000 kwa kitabu kinene, cha mtumba, cha MATLAB, programu ya kukokotolea hesabu kwa kompyuta, pale Posta. Karibu nusu yake ni picha za skrini: bonyeza hapa, fungua menyu ile. Menyu zenyewe ni za toleo la zamani, na mimi natumia Octave, programu nyingine ya aina hiyo, kwa kuwa ni ya bure na amri zake nyingi zinafanana na za MATLAB. Nilifika ukurasa wa 140 bila kutatua hata mlinganyo mmoja. Iliniuma.

Mwalimu wangu wa hesabu akanielekeza kwa Numerical Computing with MATLAB cha Cleve Moler, yule yule aliyeandika MATLAB ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake wasihangaike na Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Kitabu ni cha 2004, na PDF zake ziko bure kwenye tovuti ya MathWorks, kampuni inayotengeneza MATLAB, sura moja moja. Nilichapisha ya kwanza steshenari, shilingi 100 kwa ukurasa.

Mistari hii ndiyo iliyonishika:

a = 4/3
b = a - 1
c = 3*b
e = 1 - c

Kwa kalamu, e ni sifuri. Octave ikaniletea 2.2204e-16, yaani namba ndogo mno, lakini si sifuri. Nikadhani nimekosea kuandika, nikarudia mara tatu, jibu lile lile. Moler anaeleza taratibu: kompyuta hutunza namba kwa tarakimu za 0 na 1, 4/3 haiingii yote, inakatwa mkia, na kinachobaki mwishoni ni alama ya mkato ule. Usiku huo nilielewa kwa nini kitanzi changu cha kazi ya darasani, yaani amri zinazojirudia hadi sharti litimie, kilikuwa hakikomi: nilikuwa nasubiri namba mbili zenye desimali zilingane kabisa kwa ==, alama ya kupima kama namba mbili ni sawa.

Hakibembelezi, lakini. Kama hujapita kalkulasi na aljebra ya matriksi, subiri kwanza. Baadhi ya programu zinazoambatana nacho, zile za kufungua dirisha lenye vitufe, pia ziligoma kwenye Octave yangu.

Ukiwa dukani, usianze na jalada. Fungua mazoezi mwishoni mwa sura. Yakikutaka ukokotoe kitu unachoweza kukihakiki kwa mkono, lipa. Yakikuuliza kitufe kiko wapi, rudisha.

Jana nimepeleka sura ya pili, ya milinganyo ya mstari, wanibaindie pamoja na ya kwanza.