Pampu ya kupimia presha ya rejeta kwenye Hiace ya zamani: uzoefu wangu

Nafanya biashara ya vitunguu. Nanunua Ruaha Mbuyuni, napandisha Iringa mjini kwa Hiace ya mwaka 1997 yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele. Kati ya shamba na soko upo mlima wa Kitonga. Aliyewahi kuupanda na mzigo anajua: kona baada ya kona, malori yanatambaa mbele yako, huna pa kupita, uko gia ya kwanza au ya pili na upepo wa kupooza rejeta haupo. Hapo ndipo gari yangu ilikuwa inachemsha. Kwenye tambarare mshale wa joto ulikaa pale pale katikati, usingejua kama gari ni mgonjwa.

Fundi wa kwanza alitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. "Dada, nchi yetu ina joto, hiki kidude kazi yake ni Ulaya." Nikamwamini. Safari iliyofuata ikachemsha vilevile, na asubuhi za baridi za Iringa injini ikawa inachelewa kupata moto na dizeli inaliwa zaidi. Wa pili alisikiliza mlio dakika mbili, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha moshi wa injini na maji ya kupooza, imekwisha, hedi ishushwe ikakwanguliwe. Hesabu yake ilikuwa mtaji wangu wa safari tatu. Nilimuuliza, kaka, umejuaje? Akanijibu, "Hizi 3L ndivyo zilivyo." Sikuridhika. Kama nalipa fedha hiyo, nataka kuona kwa macho yangu kwamba gasketi ndiyo mbovu.

Ndipo nikanunua vifaa viwili Gerezani, Kariakoo. Cha kwanza ni pampu ya mkono yenye geji, inakuja kwenye sanduku la plastiki pamoja na mifuniko ya kuungia inayolingana na midomo ya rejeta za magari mbalimbali. Cha pili ni kibomba chenye dawa ya bluu ya kupimia kama moshi wa injini unavuja kuingia kwenye maji. Vyote viwili vilinigharimu chini ya robo ya hesabu ya kushusha hedi.

Pampu inatumika injini ikiwa baridi kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mkono wa kijana ulioungua kwa kufungua mfuniko wa rejeta ya moto. Unajaza maji, unafunga pampu mahali pa mfuniko, unapandisha presha hadi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa gari lako. Wangu umeandikwa 0.9, yaani baa 0.9 hivi. Kisha unaacha na kutazama mshale. Wangu ulishuka hadi 0.6 ndani ya dakika kumi. Kabla ya kulaumu gari nilipaka maji ya sabuni kwenye maungio ya pampu yenyewe, na kweli mapovu yakatoka: mpira wa kile kifuniko cha kuungia ni mgumu mno, haukai vizuri. Nikaukaza tena, safari hii mshale ukaishia 0.7. Basi kulikuwa na uvujaji wa kweli. Nikainua kiti, nikamulika tochi, nikakuta ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye hita una ukoko mweupe kwenye kibano na tone dogo linaning'inia. Gari ikiwa moto tone hilo hukauka kabla halijafika chini, ndiyo maana sikuwahi kuona maji ardhini ilhali kila wiki nilikuwa naongeza.

Kilichonishangaza zaidi ni mfuniko. Pampu ina kipande cha kuupima peke yake, na wangu uliachia kwenye 0.3. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa 0.9 unayazuia yasichemke mpaka karibu nyuzi 116. Ule wangu ulikuwa unayaachia yachemke kwenye nyuzi 103 au 104, na injini ya dizeli iliyobeba vitunguu mlimani inafika huko bila kuwa na kosa lolote. Kipande kidogo namna hiyo! Muuzaji alitaka kunipa wa 1.3 akisema ni "wa nguvu zaidi". Nilikataa. Presha ya ziada kwenye mipira na rejeta ya miaka mingi ni kutafuta kupasuka njiani.

Dawa ya bluu nayo. Mfuniko unaufungua injini ikiwa bado baridi, unapunguza maji kidogo mdomoni mwa rejeta ili yasivutwe kuingia kwenye kibomba, unawasha injini ingurume mpaka ipate joto, halafu unavuta hewa ya pale juu ipite ndani ya dawa. Kukiwa na moshi, dawa inageuka: ya njano kwa petroli, ya kijani kwa dizeli. Kwa wenye dizeli nina neno. Dizeli ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, inavuta hewa nyingi kuliko inayoihitaji, moshi wake ni mwepesi, kwa hiyo mtu apandishe mzunguko wa injini wakati wa kupima na arudie. Nilirudia mara tatu. Dawa ilibaki bluu, na hedi haikushushwa.

Nikabadilisha mpira, mfuniko, nikarudisha themostati mpya ya nyuzi 82 baada ya kuichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto nione inafunguka. Nikapanda Kitonga nikiwa na nusu mzigo, salama. Nikapanda na mzigo kamili, mshale ukaanza tena kupanda, taratibu, bila kumwaga maji.

Hapa ndipo pampu inapofika mwisho wake, na sanduku halikuambii. Inaonyesha maji yanatoka wapi. Haionyeshi kama maji yanazunguka, wala kama feni inavuta. Feni yangu nilijaribu kuizungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ya moto; ilikuwa nzito inavyopaswa, kwa hiyo klachi yake, kile kiungo kinachoishika feni injini ikipata moto, ni nzima. Jirani akaniazima kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kwenye kitu bila kukigusa. Nikapitisha usoni mwa rejeta: pembe moja ya chini ilisoma nyuzi 51 wakati pembeni yake tu ni 79. Mirija ya pale ilikuwa imeziba. Fundi wa rejeta alipofungua tangi la juu, kutu na chumvi vilikuwa vimeganda kama ndani ya birika la zamani. Ni miaka ya kujazia maji ya visima na mito barabarani, wenye gari waliotangulia na mimi pia. Kwa bahati ni rejeta ya shaba, ilisafishwa mirija na kuchomelewa upya. Sasa naweka kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu na maji safi, na dumu la mchanganyiko huo linakaa nyuma ya kiti.

Nimepanda Kitonga mara kumi na moja tangu hapo, zote na mzigo.

Naipa pampu nyota nne. Geji inasomeka vizuri, kipande cha Toyota kinaingia sawa, na kipimo cha mfuniko peke yake kinastahili bei yote. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya ile mipira ya kuungia. Mtu asiyefikiria maji ya sabuni angevunja gari zima akitafuta uvujaji uliopo kwenye kifaa. Mimi nilichonga mwingine laini kutoka tyubu ya baiskeli, na mpaka leo unashika.