Video za HD kutoka kwenye laptopu hadi kwenye runinga: nunua nini kwanza?

Picha ikianza kukwama na kile kiduara kikazunguka, wengi wanakimbilia kubadilisha runinga au kununua boksi jipya. Mara nyingi hela hiyo inapotea bure, kwa sababu tatizo liko njiani, kati ya rauta na runinga. Ndiyo maana katika orodha yangu kitu cha kwanza kununua hakina rimoti wala skrini.

Nyumba ninayoifikiria ni ya kawaida. Video zimekaa kwenye laptopu ya zamani au kwenye eksteno (diski ya nje): harusi za ndugu, sinema, katuni za watoto, kwaya, mawaidha. Runinga iko sebuleni, rauta ya kampuni ya simu au ya faiba iko pembeni. Nyumba kama hiyo ina nafasi nzuri ambayo wengi hawaitumii: video inayotoka kwenye laptopu yako kwenda kwenye runinga yako kupitia rauta yako haili bando hata kidogo. Bando likiisha usiku, video inaendelea kucheza. Linganisha na Netflix, ambayo inashauri intaneti ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili. Kwa kasi hiyo, saa moja inakula zaidi ya GB 2. Mtoto anayerudia katuni ileile kila jioni anamaliza bando la mwezi kabla mwezi haujafika katikati.

Kabla ya kutoa hela, jua mzigo wako ni mzito kiasi gani. Faili la kawaida la 1080p linahitaji kama Mbps 5 hadi 12. Diski ya Blu-ray iliyonakiliwa bila kupunguzwa inafika Mbps 40 kwa picha peke yake. Diski ya 4K, yenye picha kali kuliko 1080p, inaweza kugusa Mbps 128. Namba hizi ndizo zinazoamua ununue nini.

Ya kwanza: waya wa LAN, yaani wa mtandao

Waya wa daraja la Cat5e unabeba gigabiti moja kwa sekunde (Mbps 1000) hadi mita 100, na nyumba yako haifiki huko. Cat6 ni mzuri pia, lakini kwa kazi hii hautakuongezea kitu unachoweza kukiona. Kilicho muhimu zaidi ni shaba. Madukani kuna nyaya nyingi za alumini iliyopakwa shaba, zenye alama ya CCA kwenye boksi. Ni rahisi kwa bei, zinakatika ukizikunja, na kwenye umbali mrefu zinasumbua. Ulizia shaba tupu, kisha kwangua ncha kwa kisu uone rangi ya ndani.

Usimtafute mtaalamu wa mitandao. Fundi anayefunga kamera za ulinzi ana koleo la kubana vichwa vya RJ45 na kipimo cha kukagua waya, na kazi hii anaimaliza haraka. Mwambie aunganishe jozi zote nne. Wapo wanaounganisha mbili tu kwa sababu kamera inatosheka nazo, na hapo kasi yako inaishia Mbps 100.

Runinga nyingi zenye tundu la LAN zina tundu la Mbps 100 tu. Kwa 1080p hiyo inatosha na kubaki, hata kwa Blu-ray kamili. Anayepaswa kujali ni mwenye mafaili mazito ya 4K pekee.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta apitishe waya bapa chini ya zulia au juu ya fremu ya mlango. Bado utashinda Wi-Fi.

Ya pili: boksi au stiki yenye kibali cha Google au Amazon

Kama runinga yako si janja, au ni janja lakini imezeeka na programu zake hazipokei tena masasisho, hapa ndipo pa kuweka hela: kifaa kidogo unachokichomeka kwenye tundu la HDMI la runinga ili kiipe programu hizo. Stiki na boksi za Xiaomi utaziona Kariakoo na Luthuli Avenue bila kutafuta sana, na kwa nyumba nyingi zinatosha. Fire TV Stick ya Amazon nayo ni nzuri. Google TV Streamer, iliyotoka mwaka 2024 kuchukua nafasi ya Chromecast, naipenda kuliko zote katika kundi hili kwa sababu ina tundu la LAN la gigabiti mgongoni. Nyingi katika hizo nyingine zinategemea Wi-Fi, ingawa unaweza kuongeza adapta ya USB kwenda LAN; ile ya Amazon kwa ajili ya Fire TV inafika Mbps 100.

Nyumba ya watu wa iPhone yenye uwezo inunue Apple TV 4K, na ichague ile ya GB 128, kwa maana katika toleo la 2022 ile ya GB 64 haina tundu la LAN. Ni kifaa kizuri sana. Kwa kazi tunayoizungumzia tu, bei yake ni kubwa mno.

Ukinunua stiki, ichomeke kwenye soketi ya ukutani kwa adapta yake. Tundu la USB la runinga mara nyingi linatoa nusu ampea tu, na stiki ikikosa umeme inajizima na kujiwasha katikati ya sinema. Watu wanailaumu stiki bure. Na kama imetoka Marekani, soma maandishi madogo kwenye adapta: lazima yaseme 100–240V.

Ya tatu: runinga janja uliyonayo

Nimeiweka ya tatu, lakini wewe ijaribu kwanza, maana tayari iko ukutani. Runinga nyingi za LG, Samsung na za Android zinasoma video zilizo kwenye mtandao wa nyumbani kwa mfumo wa DLNA, ambao unaviwezesha vifaa vya nyumba moja kupeana video. Weka Jellyfin kwenye laptopu, pamoja na programu-jalizi yake ya DLNA. Ni programu ya bure kabisa, haina matangazo wala malipo ya mwezi, na ukurasa wake unaufungua kwenye kivinjari kwa anwani ya laptopu ikifuatwa na alama ya nukta mbili na 8096.

Kama runinga haiioni laptopu, angalia kama zote ziko kwenye Wi-Fi moja. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni unaozuia vifaa visionane, na hilo linawachosha watu usiku kucha bila wao kujua sababu.

Jambo jingine linalokwamisha ni subtaito. Zile zilizonakiliwa kutoka kwenye diski ni picha, si maandishi, na mara nyingi laptopu inalazimika kuichora video upya yote ili izibandike juu yake. Laptopu ya zamani haiwezi. Tafuta subtaito za SRT, ambazo ni maandishi matupu, ziweke pembeni ya video kwa jina lilelile, na laptopu itapumua.

Kwa wanaopenda kujitengenezea: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4

Iwekee mfumo wa LibreELEC, ambao ndani yake kuna Kodi, programu ya kuchezea video, na itacheza karibu kila kitu ulichonacho, pamoja na video za 4K zilizobanwa kwa HEVC. Tundu lake la LAN ni la gigabiti. Ila Netflix na wenzake si kazi yake, na mama au babu wa nyumbani atahitaji kuelekezwa.

Vya kuongeza nguvu za Wi-Fi

Hapa sina shauku. Ripita ya bei ndogo inapokea na kurusha kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu. Vifaa vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme vinafanya kazi vizuri katika nyumba yenye nyaya nzuri, lakini ukivichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme vinadhoofika. Kama huna njia nyingine, anza na kisichogharimu kitu: hamishia runinga kwenye masafa ya Wi-Fi ya GHz 5 ikiwa rauta iko chumba kilekile, au iache kwenye GHz 2.4 ikiwa kuna kuta za tofali za simenti katikati, kwa sababu GHz 5 inachoka upesi ukutani.

Usinunue kabisa: boksi za Android zisizo na kibali

Zina majina ya herufi na namba, zinaahidi 8K na chaneli zote za mpira bure. Januari 2023 boksi aina ya T95 iliyonunuliwa Amazon iligundulika kuwa na programu hasidi iliyowekwa tangu mwanzo, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu unaotumia vifaa vya namna hii vilivyo majumbani mwa watu. Intaneti yako inageuzwa njia ya uhalifu wa wengine, nawe hujui lolote. Hata picha yenyewe ni duni: boksi hizi kwa kawaida zina Widevine (kinga ya hakimiliki ya video) ya L3, daraja la chini, na Netflix kwenye L3 haivuki 480p, boksi iandike 8K namna gani juu yake.

Dukani, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe, afungue programu ya DRM Info, na akuonyeshe neno L1, daraja la juu la Widevine. Akikataa, nenda duka la pili. Na kama tayari unayo moja nyumbani, iondoe kwenye mtandao leo, badilisha nywila ya rauta, kisha badilisha nywila za kila akaunti uliyowahi kuiandika humo.