Nikkei huko Barranco, Lima: samaki mbichi, pweza na swali la mirin

Mimi mtoto wa Mombasa, samaki nimekula tangu sijaota meno, lakini mbichi sikuwahi kumtia mdomoni mpaka tulipofika Lima, mji mkuu wa Peru. Tulikula chakula cha mchana, mimi na mume wangu, kwenye mkahawa wa Nikkei huko Barranco, mtaa wa kale ulio juu ya bahari, ambako zamani matajiri wa Lima walikuja kupunga upepo. Nyumba yenyewe kuukuu, dari liko juu, milango ya mbao nzito. Ukitoka, hufiki mbali ushakutana na Puente de los Suspiros, daraja la mbao la mwaka 1876.

Nikkei ni watu wa asili ya Kijapani waliozaliwa ughaibuni, na Peru jina hilo limeenea hadi kwenye mapishi yao. Meli ya Sakura Maru ilishusha Wajapani 790 mwaka 1899, wengi wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa.

Tulianza na tiradito. Samaki mweupe amekatwa mwembamba hata maua ya sahani yanaonekana chini yake, kamwagiwa ndimu na ají amarillo, pilipili yao ya manjano ambayo harufu yake inatangulia ukali. Mume wangu akaisogeza sahani: "Mama Salma, huyu hajaiva." Mhudumu akatusihi tusimwache akae, maana akizidi kulala kwenye ndimu nyama inakakamaa. Cebiche, samaki mbichi wa Peru anayelazwa kwenye ndimu, zamani ililazwa kwa saa nyingi. Siku hizi ni dakika chache tu, na wengi wanasema hilo limetokana na mkono wa Kijapani. Nikala. Nyama laini, baridi, tamu, bila shombo hata kidogo. Mume wangu alionja kipande kimoja kwa heshima yangu, halafu vingine vinne kwa hiari yake.

Pweza ndiye aliyenishika zaidi. Chakula chenyewe kinaitwa pulpo al olivo, na aliyekibuni ni Rosita Yimura, mpishi Mnikkei wa Callao, mji wa bandari jirani na Lima. Pweza anachemshwa mpaka alainike, anakatwa vipande vyembamba, juu yake mayonezi iliyosagwa pamoja na zaituni, rangi ya zambarau. Mimi wa pweza wa nazi nilidhani zaituni itamfunika. La, utamu wake ulibaki palepale na chumvi ya zaituni ikamnyanyua.

Sasa lililoniudhi. Nilipoagiza nigiri, vitonge vya wali vyenye kipande cha samaki juu, niliuliza kama kuna pombe ndani. Mhudumu akajibu hapana, bila kwenda jikoni. Zilipofika zimepakwa mchuzi mweusi mtamu, nikauliza tena, safari hii akaenda, akarudi kusema una sake na mirin. Zote mbili ni pombe za mchele, mirin ndiyo tamu, na katika mapishi ya Kijapani hutiwa kwenye michuzi mingi. Sikukasirikia mchuzi, ni mapishi yao. Nilikasirikia jibu la haraka kwa jambo ambalo kwangu ni la dini. Mpishi mwenyewe alitoka, akaomba radhi, akatutengenezea nyingine za chumvi na ndimu, na wali akatumia wa siki isiyo na mirin. Kwa uungwana huo nampa haki yake. Lakini menyu ingepaswa kuonyesha. Ukienda, uliza hivi: "¿Lleva sake o mirin?" na umwombe aulize jikoni.

Tulilipa soles 290, pesa ya Peru, kwa watu wawili, si rahisi, na sahani ni ndogo. Mwenye njaa kubwa aongeze causa, viazi vilivyopondwa kwa ndimu na pilipili ileile ya manjano. Cha kunywa chukueni chicha morada. Ni mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, ikapoa, ikatiwa ndimu na sukari. Nilipoinusa ile karafuu nilinyamaza kidogo, kisha nikaagiza jagi zima.