Taa za joto kwa vifaranga katika baraza la vioo: uzoefu wangu, Buhongwa, Mwanza

Nafuga kuku chotara hapa Buhongwa, na vifaranga ninawalelea katika baraza la nyuma ya nyumba lililozungushiwa vioo. Ni mahali pasafi, pakavu na penye mwanga, lakini kulipasha joto ni kazi. Mchana jua hulifanya kama tanuri, na jua likishazama, vioo vyake vya tabaka moja hupoteza joto upesi kuliko ukuta wa tofali. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Mwanza huweza kushuka hadi nyuzi 15 au 18, ilhali kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wake, na hitaji hilo hupungua kwa takribani nyuzi 3 kila wiki hadi aote manyoya.

Nishati ya bei nafuu kuliko zote ni mkaa, na wafugaji wengi wa huku hutumia jiko lililofunikwa chungu. Hata hivyo, siuchagui kuwa njia kuu ya kupasha chumba kilichofungwa vioo pande zote. Moto wa mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua vifaranga na huweza kumuua mtu anayekwenda kuwaangalia usiku. Zaidi ya hayo, jiko huwaka kwa nguvu saa za kwanza na kufifia alfajiri, wakati ambapo baridi imezidi.

Hita ya gesi niliipima kwa makini, kwa kuwa moto wake ni wa utulivu. Kwa bei ninayonunulia mtungi wa kilo 15 mtaani kwetu, joto la gesi na joto la umeme hukaribiana gharama, hivyo tofauti kubwa ikabaki kwenye kifaa chenyewe: hita na regyuleta yake ni ghali mno kwa mwenye vifaranga mia mbili. Nayo pia hula hewa ya chumba, kwa hiyo lazima dirisha la juu libaki wazi.

Nilichonunua ni taa nyekundu za joto, kila moja wati 250. Kwa kawaida taa moja huhesabiwa kutosha vifaranga wasiozidi 100, kwa hiyo ninatumia mbili. Zikiwaka kwa muda wa saa 13 kila usiku hula uniti 6.5, ambazo kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya takribani shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 2,300. Aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ajue mapema kwamba taa hizi zitamtoa humo kabla vifaranga hawajafikisha wiki mbili.

Sifa ninayoithamini zaidi ni kwamba taa huzimwa na kuwashwa moja moja. Asubuhi, jua linapoingia barazani, ninazima zote. Jioni ninawasha moja, kisha ya pili. Ninaongozwa na vifaranga kuliko kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakijibana ukingoni huku wakihema midomo wazi joto limezidi, na joto linapokuwa sawa hulala wametawanyika, shingo zimenyooshwa juu ya maranda, mabawa yamelegea. Mwanga mwekundu nao hupunguza kudonoana.

Kasoro zipo. Taa ya kwanza, niliyoinunua duka moja la mjini kwa bei ya chini, ilipasuka kwa tone la maji lililoruka kutoka kwenye kinyweshea. Holda iwe ya kauri, kwa kuwa ya plastiki huyeyuka, na taa ining'inizwe kwa mnyororo, kamwe si kwa waya wa umeme, kiasi cha sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda, kwani ikianguka italeta moto. Kwa usiku wa umeme kukatika nina jiko la akiba, ambalo huwashwa nje hadi moshi uishe kabisa, kisha huingizwa ndani dirisha likiwa wazi.

Hata hivyo, kilichopunguza gharama kuliko taa zenyewe ni turubai. Nililitandaza juu ya mduara wa hadibodi unaowazunguka vifaranga, kimo cha kiuno, na kuning'iniza magunia upande wa vioo, nikiacha nafasi ya hewa kupita. Taa sasa hupasha mduara tu badala ya baraza lote, na usiku usio na upepo wa ziwani taa ya pili hubaki imezimwa kuanzia wiki ya pili.

Mwenye vifaranga 500 au zaidi ningemshauri aanze na hita ya gesi, kwa sababu angehitaji taa tano au zaidi, na umeme ukikatika usiku wa manane hatakuwa na majiko ya kutosha kuwapasha wote.